Corolla, Hiace na Mzani wa Ilyasi

Katika hangari ya Kudra, banda kubwa lililo avenue ya kumi na sita mtaani Buyenzi, vyuma vya mazoezi vina majina ya magari. Diski za breki za gari dogo zinaitwa Corolla. Yale mapande mazito ya mviringo yanayotolewa nyuma ya injini yanaitwa Hiace. Na fimbo ndefu inayobeba vyote hivyo, ambayo zamani ilikuwa ekseli ya lori, inaitwa Fuso. Kijana akikwambia kwamba leo asubuhi amenyanyua Fuso, Hiace mbili na Corolla mbili mpaka juu ya kichwa, usimdhanie amerukwa na akili. Muulize kwanza anafanya mazoezi wapi.

Kudra mwenyewe hajawahi kucheza mchezo wowote maishani mwake, labda ule wa kuruka kamba utotoni, na huo alikuwa anaiba. Ni mama wa miaka hamsini na miwili, mnene kiasi, mwenye kilemba kisichokaa sawa na sauti inayosikika avenue tatu mbele. Kazaliwa Buyenzi, kaolewa Buyenzi, na akifa atazikwa na watu wa Buyenzi. Miaka thelathini amekuwa akiuza vipuri vilivyotumika, kwanza pamoja na mumewe Faridi, fundi wa magari, halafu peke yake baada ya Faridi kufariki miaka sita iliyopita. Mpe kipande cha chuma akiwa amefumba macho, atakigeuza mkononi mara mbili na kukuambia kimetoka kwenye gari gani. Si uchawi huo. Ni mikono iliyoshika chuma tangu asubuhi hadi jioni kwa umri mzima.

Wengine wakitaka kuanzisha mradi wa vijana huanza na mabango na semina. Kudra alianza na hasira. Vijana wabeba mizigo walikuwa na desturi ya kuja mchana kupumzika kwenye kivuli cha hangari yake, na kwa kuwa ujana haujui kukaa kimya, wakaanza kushindana kunyanyua injini iliyokuwa pale sakafuni. Aliyeshindwa alinyang'anywa chakula chake cha mchana. Siku moja injini ikamponyoka mmoja wao ikamponda kidole cha mguu, naye Kudra akatoka dukani na mwiko mkononi.

"Mutabeba," aliwaambia, "lakini mutabeba vile mi nasema. Na hapa hakuna mutu atakula chakula ya mwenzake."

Basi mambo yakaanzia hapo. Fundi Massoudi, mchomeleaji wa jirani, akatengeneza fimbo. Kudra akachagua vyuma kutoka kwenye rundo lake. Akatafuta video za walimu wa kunyanyua vyuma kwenye simu, akazitazama mpaka akajua mgongo unakaaje na goti linakunjwa wapi, na pale alipokwama akaenda kumsumbua Ildephonse, mwalimu wa klabu moja ya Mutanga Sud, ambaye hakuwa na namna ila kumfundisha. Akaweka sheria tatu. Hakuna kunyanyua kabla ya kunywa uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi. Hakuna kuweka dau. Na chuma hakitupwi chini, kinawekwa.

Leo wako ishirini na watatu. Wapo wabeba mizigo, wapo wasichana walioacha shule, wapo watoto wa Kikongo waliokimbia Uvira na Bukavu, wapo wawili waliokuwa wakilala kwenye vibaraza vya maduka mpaka Kudra alipowapigia kelele wahamie chumba cha nyuma. Wanakuja saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanamaliza kabla ya saa moja, kisha kila mtu anaenda kuhangaika na siku yake. Ukitaka kujua kinachowaleta, waangalie wanavyotoka. Mtu ameingia mabega yameanguka, anatoka anatembea katikati ya njia.

Kati ya hao yuko Rosette, msichana wa miaka kumi na minane kutoka Uvira, anayeishi na shangazi yake na kubeba magunia ya unga wa muhogo. Si mwepesi wa maneno. Watu walimzoea sokoni kama punda tu, na kuna waliomwambia hivyo mchana kweupe. Ndani ya hangari mgongo uleule uliochekwa sokoni ulifanya vijana wa kiume wakae kimya watazame. Rosette alinyanyua sitini. Nasema sitini kwa sababu ndivyo ilivyokuwa imeandikwa, kwa rangi nyeupe, kwenye vyuma vyenyewe.

Sasa sikiliza habari ya hangari, maana bila hiyo hadithi hii haina miguu. Hangari ni mali ya ukoo wa marehemu Faridi, na mkubwa wa ukoo ni kaka yake, Ilyasi, muuza mchele na maharage kwa jumla na rejareja pale pembeni ya avenue. Ilyasi ni mtu wa msikiti, mpole, amekwenda Makka, na hajawahi kumtamkia shemeji yake neno baya. Lakini mchele wake ulikuwa unalala kwenye korido ya nyumba, na hangari aliiona inamfaa. Ukoo ukaketi. Kudra akaomba, akasema, akatoa machozi kidogo pale yalipohitajika, na mwishoni wakakubaliana hivi mbele ya wazee: kama kabla ya mwaka kwisha kikundi chake kitatambuliwa na shirikisho la mchezo huo kuwa klabu kamili, Ilyasi ataiacha hangari. Kisipotambuliwa, ataingiza mchele.

Na ili klabu itambuliwe, angalau mwanamichezo wake mmoja lazima afikie kiwango mbele ya waamuzi. Katika hangari Rosette peke yake ndiye aliyekuwa karibu na kiwango chake, na kwa msichana mwenye uzito wake kilikuwa kilo hamsini na tano juu ya kichwa. Anapewa nafasi tatu. Hamsini na tano, na Rosette alikuwa ananyanyua sitini asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Kudra alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba ile hangari ni yake.

Sitini hiyo ilipimwa wapi? Kwa Ilyasi mwenyewe. Mzani wake ni wa kuning'inia, wenye ndoana chini na uso mkubwa wa chuma wa duara, na Buyenzi nzima inaujua. Soko kuu lilipoungua mwaka elfu mbili na kumi na tatu, Ilyasi alikuwa na meza yake ndani. Watu walikuwa wanakimbia kutoka, yeye akakimbilia ndani, na alipotoka nyusi zimeungua alikuwa na kitu kimoja tu mikononi, mzani. Mchele wote uliteketea. Akaanza upya dukani kwake na mzani uleule, na alama nyeusi ya moshi iliyobaki usoni mwa mzani hakuisugua kamwe. Wateja waliiheshimu alama ile. Miaka miwili iliyopita Kudra alipopeleka vyuma vyake vipimwe, Ilyasi aliacha kazi, akatundika kimoja baada ya kingine, akasoma kwa sauti, na binti mmoja wa hangari anayeitwa Raihana, mwenye mwandiko mzuri, akaandika.

Wiki tatu kabla ya siku ya majaribio, Ildephonse akawaalika waje Mutanga Sud wajaribu vyuma vya kiwandani, ili Rosette asije akashangaa siku yenyewe. Wakaenda kwa miguu, mafuta ya gari siku zile yakitafutwa kwa tochi. Rosette akawekewa hamsini na tano, akasimama vizuri, akavuta.

Fimbo ilifika kifuani ikakataa kwenda zaidi. Akarudia. Ikakataa. Mara ya tatu hata kifuani haikufika. Wasichana wa klabu ya Mutanga Sud wakatazama pembeni kwa adabu, na adabu ile iliuma kuliko kucheka. Walipopunguza mpaka hamsini akaipandisha, kwa shida.

Njiani Kudra hakumwonea huruma. "Jana umekula nini? Umelala saa ngapi? Ao unaniambia kweli hauko mugonjwa?"

"Sina ugonjwa, Mama Kudra. Ile vyuma yao iko nzito."

"Kilo ni kilo, Rosette. Haina Mutanga wala Buyenzi."

Rosette akatangulia mbele. Kudra akabaki nyuma na jambo lake. Kule ukumbini alikuwa amesaidia kurudisha sahani moja ya chuma mahali pake, sahani nzuri ya rangi ya njano iliyoandikwa 15, na mikono yake ilikuwa imejua kitu ambacho kichwa kilikuwa bado kinakataa. Walipofika avenue ya kumi na sita hakunywa hata maji. Aliingia hangarini, akainua Hiace moja iliyoandikwa 17, akaigeuza mara mbili akiwa amefumba macho. Uzito wake ulikuwa uleule wa ile sahani ya Mutanga. Akaketi juu ya tairi.

Kesho yake akaifunga Hiace kwenye kitenge, akaibeba hadi kituo cha afya, kwa muuguzi Benite, aliyekuwa na mzani mpya wa kupima watu, ule wa kusoma tarakimu. Benite alidhani ameleta mtoto.

"Mama Kudra, huyu mutoto wako ana mafuta ya gari."

"Nipime kwanza mimi, halafu unipime naye."

Wakatoa uzito wa kwanza kwenye wa pili. Kumi na tano kamili. Kudra akarudi na kingine, na kingine, mpaka Benite akachoka kucheka. Hiace iliyoandikwa kumi na saba ilikuwa kumi na tano. Fuso ya kumi na tano ilikuwa kumi na tatu. Corolla ya tano na nusu ilikuwa tano. Na ile sitini ya Rosette, ile ambayo Kudra ameisimulia msikitini na kwenye matanga, ilikuwa hamsini na tatu. Aliona aibu kwa kumfokea mtoto wa watu njiani kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Halafu, akiwa bado amesimama pale kituoni na Corolla mkononi, ndipo lilipomjia wazo la pili, na hili lilimfanya aseme "Astaghfirullah" mbele ya watu. Alikuwa anafikiria mchele. Mchele, maharage na unga wa avenue nzima, vyote vilivyopimwa kwa Ilyasi miaka kumi na miwili.

Alimkuta Ilyasi peke yake dukani baada ya sala ya adhuhuri. Hakuzunguka mbuyu. Akatundika Corolla kwenye ndoana.

"Shemeji, nisomee."

Ilyasi akavaa miwani. "Tano na nusu. Na kitu kidogo."

"Kwa Benite iko tano. Kule Mutanga nayo itakuwa tano. Ni hapa tu inanenepa."

 Ilyasi akashika ile Corolla, akaishusha, akaitundika tena polepole, kana kwamba safari hii sindano ingemhurumia. Kisha akanyoosha mkono, akagusa ile alama ya moshi. Springi ilikuwa imepikwa na moto. Ililegea siku ileile alipouokoa mzani, na tangu siku hiyo kila kilo aliyomuuzia mtu ilikuwa na upungufu, na yeye alikuwa akisema bismillahi kabla ya kupima.

"Mi sikujua," alisema. "Wallahi, Kudra, sikujua."

"Najua haukujua."

Ilyasi alikaa kwenye gunia. Kudra alimwonea huruma kweli, maana alimfahamu. Mtu huyu alikuwa hawezi kula tende ya mwenzake bila kuomba. Lakini alipoinua uso, kilichokuwa machoni mwake kilikuwa hofu, na hofu haina adabu.

"Zile namba kwa vyuma yako," alisema. "Unataka kuzifuta?"

"Lazima."

"Watu wote wanajua zilipimwa hapa." Akateremsha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Shemeji, sikiliza. Mi nitabadilisha muzani pole pole, hakuna mutu atajua. We acha zile namba vile ziko. Na hangari ubaki nayo. Hakuna majaribio, hakuna nini. Nitaandika karatasi leo."

Hapo ndipo Kudra alipokwama. Jiweke mahali pake. Kitu alichokipigania mwaka mzima kimewekwa mezani, na bei yake ni kukaa kimya tu, kitu ambacho wanawake wa Buyenzi husemekana hawakiwezi lakini hukifanya kila siku. Aliomba muda mpaka kesho. Jioni ile alipika ubwabwa ukaungua, akaula hivyohivyo.

Asubuhi vijana walipokuja, alimtazama Rosette. Msichana alikuwa amefika kabla ya wenzake wote, na alikuwa ameinama juu ya Hiace akifuta vumbi kwenye ile 17 kwa pindo la fulana yake, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Tangu Mutanga Sud alikuwa hajamtazama mtu machoni. Aliamini kasoro iko mwilini mwake. Kudra akamwona akiamini hivyo, na moyo wake ukafunga shauri.

Aliwaita wote, akawaambia kila kitu kasoro ile ahadi ya hangari. Wengine waliguna. Kijana mmoja, Trésor, ambaye juzi tu alifikisha sabini yake ya kwanza, alishika kichwa.

"Mama, tuache vile iko. Sisi wenyewe tutajua, inatosha."

"Rosette hakujua," alisema Kudra. "Amesimama mbele ya watu na namba ya uongo mu kichwa, namba ikamupiga. Mi nilimugombeza. Rosette, unisamehe mwanangu."

Rosette akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Kumbe haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe."

Raihana akaleta rangi, lakini Kudra akachukua brashi mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya, ili ikibidi mtu alaumiwe alaumiwe yeye. Akafuta 17, akaandika 15. Akafuta 15, akaandika 13. Vijana walisimama wakitazama kilo zao zikiondoka, na hapakuwa na aliyecheka. Kabla ya saa sita mchana avenue nzima ilikuwa imeshajua, kwa sababu mtu akipita huuliza, na akiuliza hujibiwa. Wanawake wakaanza kupanga foleni kwa Benite wakiwa na mifuko ya maharage. Ilyasi akafunga duka siku mbili. Siku ya tatu akalifungua, na mzani haukuwa mahali pake. Alipopishana na Kudra njiani alimsalimia kwa midomo tu.

"Majaribio vile tulisema," alimwambia. "Ukishindwa, mchele unaingia."

"Vile tulisema," alijibu Kudra.

Wiki mbili na siku chache zilizobaki walizitumia vizuri. Rosette alikunywa uji mara mbili. Kudra alimtafutia mayai. Kila alfajiri ilikuwa hamsini na tatu, hamsini na tatu ya kweli, mpaka ikamzoea, na kila mara walipoongeza, kiwiko cha kushoto kikawa kinapinda kidogo mwishoni. "Nyoosha," Kudra alipiga kelele. "Nyoosha kama unaita teksi."

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule moja Rohero. Vijana wenzake wote ishirini na wawili walikwenda, wamevaa fulana walizofua usiku uliotangulia, nyingine zikiwa bado mbichi. Waamuzi watatu walikaa na bendera zao, nyeupe ya kukubali na nyekundu ya kukataa. Rosette aliitwa. Hamsini na tano.

Nafasi ya kwanza fimbo ilimteleza mikononi kwa jasho. Nafasi ya pili aliifikisha kifuani, akasukuma, ikaanguka mbele. Kudra alikuwa hasomi dua tena, alikuwa anaikoromea tu. Nafasi ya tatu Rosette alipaka chaki, akafunga macho, akafungua, akavuta. Ilipanda. Ilipita kidevu, ikapita paji la uso, ikasimama juu ya kichwa, na vijana wa Buyenzi wakaruka kutoka kwenye viti vyao. Lakini kiwiko cha kushoto kilikuwa kimepinda. Bendera moja nyeupe. Mbili nyekundu.

Rosette hakuitupa. Hata pale, mbele ya watu wote wale, aliishusha na kuiweka chini vizuri, kama alivyofundishwa. Kisha akatembea mpaka kwa Kudra.

"Mi nimeipandisha, Mama."

"Umeipandisha. Hawajaikubali. Ni vintu viwili." Akamshika mabega yale mapana. "Miezi sita wanarudia. Kesho saa kumi na moja na nusu usinichelewee."

Ni rahisi kusema hivyo ukumbini. Jumapili asubuhi ilibidi asimame mbele ya mlango wa hangari na ufunguo. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtumia ujumbe, lakini neno lilikuwa limetoka mbele ya wazee na yeye hakutaka kusubiri kukumbushwa. Wakatoa vyuma vyote nje, wakavipanga kando ya ukuta, karibu na mtaro. Wakafagia ndani, hata pembe za juu zenye buibui. Kudra akafunga, akampa Trésor ufunguo aupeleke kwa Ilyasi. Kisha akageuka na kuuliza wamesimama kungoja nini, uji unapoa.

Kwa hiyo wakafanya mazoezi njiani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Waendao kazini walipita katikati yao, pikipiki zilipiga honi, mbuzi mmoja alipenda sana kusimama juu ya Corolla. Watu waliokuwa hawajawahi kuingia hangarini waliona kwa macho yao yaliyokuwa yakifanyika ndani, na wawili wakauliza kama watoto wao wanaweza kuja. Kudra alisema ndiyo bila kufikiria atawaweka wapi. Jambo la ajabu lilikuwa moja tu: hangari ilibaki tupu. Hakuna gunia lililoingia.

Alhamisi, wakati wa uji, Ilyasi alikuja. Alikuwa amebeba mzani kifuani kwa mikono miwili, vilevile, wasema waliomwona zamani, alivyotoka nao sokoni. Vijana wakampisha. Akauweka chini mbele ya Kudra, na juu yake akaweka ufunguo.

"Wateja nawaongezea kikombe juu ya kila kilo," alisema. "Nitaongeza mpaka Mungu atosheke. Wengine wamenisamehe, wengine apana, ni haki yao." Alitazama vyuma vilivyopangwa kando ya mtaro, na zile namba mpya za mwandiko mbaya. "Ile ya moto si kosa yangu, Kudra. Lakini we uliniambia, nikajua, na nikakuomba unyamaze. Hiyo ya pili ndiyo inanikatalia usingizi. Rudisheni vyuma ndani."

"Tumeshindwa, Shemeji. Tulikubaliana."

"Najua mulishindwa. Nilikuwa kule, nyuma ya watu. Nimemuona huyu mutoto anaiweka chini." Akamwonyesha Rosette kwa kidevu. "Miezi sita wanarudia, si ndiyo? Mchele yangu ilikaa korido miaka yote. Itakaa miezi sita ingine."

 Kudra akamimina uji kwenye kikombe, akampa shemeji yake kwa mikono miwili, naye akaunywa akiwa amesimama.

"Na huu muzani tufanye nao nini?" aliuliza Kudra.

"Hauwezi kupima tena. Lakini chuma iko nzuri."

Fundi Massoudi akatoa ule uso wa mbele, akakata duara mbili zenye tundu katikati, akazilainisha kingo. Ile alama nyeusi ikagawanyika, nusu huku nusu kule. Wakazipeleka kwa Benite. Zote mbili pamoja zilikuwa na kilo moja na gramu mia tisa. Raihana alikuwa ameshachovya brashi.

"Niandike moja na moja, Mama? Inakuwa mbili, na Rosette anafika hamsini na tano. Ni kitu kidogo tu kinabaki."

Kudra akamtazama Ilyasi, na Ilyasi akatazama chini.

"Andika vile iko," alisema Kudra. Raihana akaandika 0,95, mara mbili, kwa mwandiko wake mzuri.

Zilihitaji jina, kwa kuwa kila chuma cha pale kina jina, na hizi hazikutoka kwenye gari lolote. Wakamwachia Ilyasi. Alifikiri kidogo, akasema ziitwe Soko.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, ndani ya hangari, Rosette alipanga mwenyewe Fuso, Hiace mbili, Corolla mbili, na pembeni kabisa Soko, moja huku na moja huku. Akanywa uji wake. Akapaka mikono unga wa muhogo, kwa sababu chaki ilikuwa imekwisha. Akavuta, fimbo ikapanda, na kiwiko cha kushoto kikanyooka, kikakaa hivyo mpaka wenzake walipohesabu tatu. Akaiweka chini. Hakuna aliyeshangilia bado, wote walikuwa wanapiga hesabu kichwani.

"Hamsini na nne na mia tisa," alisema Rosette akihema. "Imebaki gramu mia."

"Kesho," alisema Kudra, na akaenda kwenye rundo lake la vipuri kutafuta kitu chepesi.